James Augustus Grant: Maisha na Michoro ya Msafiri wa Kiskoti

Mtu akisimama Bulyaga, mjini Tukuyu, akautazama Mlima Rungwe, na akataka kujua nchi hiyo ilivyoonekana katika karne ya kumi na tisa, hana budi kutegemea zaidi masimulizi ya wazee na maandishi ya wageni waliopita. Picha ni haba mpaka kamera ilipofika mwishoni mwa karne hiyo. Mtu wa Tabora, wa Karagwe au wa Buganda amepata bahati nyingine. Kati ya mwaka wa 1860 na wa 1863 msafiri mmoja alipita katika nchi hizo akichukua karatasi, kalamu ya risasi na rangi za maji, akawachora watu, nyumba, mimea na vyombo jinsi alivyoviona. Msafiri huyo ni James Augustus Grant, Mskoti, aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Naili.

Jina la Grant halikupotea. Wawinda na waongozaji wa watalii hulitaja kila siku wanapomtaja swala granti, na wanafunzi wa historia hulikuta daima baada ya jina la Speke. Lakini kama mchoraji hajulikani sana, wala si ajabu. Michoro yake imetazamwa na watu wengi tangu mwaka wa 1863, ila karibu wote waliitazama katika sura ambayo haikutoka mkononi mwake. Makusudi ya makala haya ni kueleza maisha ya mtu huyo na kazi yake, na kuonyesha kwa nini mtaalamu wa historia au wa lugha anayetaka kuitumia kazi hiyo apaswa kuitafuta karatasi yenyewe, asiridhike na picha iliyochapwa kitabuni.

Maisha yake

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili, 1827, katika mji mdogo wa Nairn, pwani ya kaskazini ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la mji huo. Baada ya masomo ya kwanza alipelekwa Aberdeen, akasoma katika shule ya mji ule na kisha katika Chuo cha Marischal. Mwaka wa 1846 aliingia katika jeshi la Bengal, huko Bara Hindi, akapigana katika vita vya Masingasinga vya mwaka wa 1848 na 1849. Katika maasi ya mwaka wa 1857 alikuwamo katika jeshi lililokwenda kuuokoa mji wa Lucknow, na huko akajeruhiwa mkono.

Hakujifunza uchoraji katika chuo cha sanaa. Katika hayo alikuwa mbali na Mskoti mwenziwe David Roberts, mwana wa fundi viatu wa Edinburgh, ambaye alianza kwa kupaka rangi nyumba na mapazia ya michezo, akawa mchoraji wa kazi, na mwaka wa 1838 akaenda Misri na nchi za Palestina kwa nia ya kuchora na kuuza. Grant alikuwa askari aliyependa kuchora. Maofisa wa zama zile walihitajiwa kujua kuchora ramani, milima na mito kwa haja ya vita, na wengi wao walijifurahisha kwa rangi za maji katika saa za mapumziko. Tofauti hii ina maana kwa msomaji wa leo. Mchoraji wa kazi huipanga nchi ili ipendeze mnunuzi. Askari wa aina ya Grant alizoea kuandika kwa kalamu yake kile kilichopo, hata kama hakipendezi.

Huko Bara Hindi Grant alikuwa rafiki wa Speke, wakiwinda pamoja. Kwa hiyo Speke alipopewa na Chama cha Jiografia cha London kazi ya kurudi kwenye ziwa aliloliona mwaka wa 1858, alimchagua Grant awe mwenzake. Waliondoka Uingereza mwezi wa Aprili, 1860, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakafika Unguja tarehe 17 Agosti. Sultani alikuwa Seyyid Majid bin Said, na balozi wa Kiingereza alikuwa Rigby. Mwanzoni mwa Oktoba msafara ulitoka Bagamoyo kuelekea bara.

Baada ya safari hiyo Grant aliandika kitabu chake mwenyewe kuhusu safari, kikatoka mwaka wa 1864, mwaka ule ule alipopewa nishani ya dhahabu ya Chama cha Jiografia. Mwaka wa 1865 alioa. Mwaka wa 1868 alikwenda na jeshi la Napier kule Uhabeshi katika idara ya upelelezi, na baada ya vita hivyo akastaafu akiwa na cheo cha luteni kanali. Mwaka wa 1876 alihudhuria mkutano wa Brussels ulioitwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alifariki Nairn, mji aliozaliwa, tarehe 11 Februari, 1892.

Kutoka kamera hata rangi za maji

Wengi hawajui kwamba Grant hakupangiwa kuchora. Msafara ulichukua kamera, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha. Alipiga picha kadhaa Unguja, nazo ni miongoni mwa picha za kamera za mwanzo zilizosalia za mji ule na watu wake. Lakini upigaji picha wa siku zile haukuwa jambo la kubonyeza kidude. Bamba la kioo lilipakwa dawa gizani, likapigwa picha lingali bichi, likasafishwa mara moja kabla halijakauka. Katika safari, giza hilo lilipatikana ndani ya hema lililofungwa pande zote, chini ya jua la pwani. Speke aliona kwamba joto na mvuke wa dawa vingemdhuru mwenzake, akaamua kuiacha kamera, na Grant akaambiwa achore kwa rangi za maji.

Uamuzi huo uliofanywa kwa ajili ya afya ya mtu mmoja ulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeikusudia. Kamera ya mwaka wa 1860 ilitaka mtu asimame bila kutikisika. Isingeweza kumkamata mwanamke anayetwanga, wala mpagazi anayetua mzigo, wala ngoma inayochezwa. Tena isingeonyesha rangi. Kalamu na brashi viliyaweza yote mawili, navyo vilichukuliwa katika mfuko mdogo. Grant aliandika pembeni mwa michoro yake tarehe na mahali, na maneno mafupi ya kueleza kitu kilichochorwa. Kwa sababu hiyo karatasi zake ni nusu picha na nusu daftari.

Jambo la pili lililomfanya achore sana ni kukaa kwake mahali pamoja. Speke alikuwa mkubwa wa msafara, naye mara nyingi alitangulia. Grant aliachwa nyuma na mizigo au na ugonjwa. Msafara ulifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, mwishoni mwa Januari, 1861. Nchi ilikuwa katika vita kati ya Waarabu na Manua Sera, mtemi aliyeondolewa katika kiti cha Unyanyembe, na wapagazi walikuwa vigumu kupatikana. Speke akaenda mbele na nyuma kutafuta watu, na Grant akakaa zaidi ya miezi mitatu katika nchi ya Ukuni, huko Unyamwezi, mara akiwa mzima, mara akiwa na homa. Mwezi wa Septemba alipojaribu kumfuata mwenzake, msafara wake ulishambuliwa na watu wa mtemi Myonga, na mizigo mingi ikaporwa.

Ikawa vivyo hivyo Karagwe. Wasafiri walifika kwa Mukama Rumanika mwezi wa Novemba, 1861, wakapokewa kwa ukarimu mkubwa. Mguu wa Grant ukavimba na kufanya kidonda kibaya, hata hakuweza kutembea. Tarehe 10 Januari, 1862, Speke aliondoka kwenda Buganda peke yake. Grant alibaki kwa Rumanika hata katikati ya Aprili, akaondoka akichukuliwa kwenye machela, akafika kwa Kabaka Mutesa mwishoni mwa Mei. Mwezi wa Julai walipotoka Buganda, waligawanyika tena: Grant aliongoza mizigo kuelekea Bunyoro, na Speke akaenda mashariki, akayaona peke yake maporomoko ya Ripon tarehe 28 Julai, 1862.

Waandishi wengi wamemhurumia Grant kwa kukosa kuyaona maporomoko hayo, kana kwamba safari yote ilikuwa na maana mahali pale tu. Kwa mtafiti wa Afrika ya Mashariki hesabu ni nyingine. Aliyetangulia aliona mto. Aliyeachwa nyuma aliona jinsi watu wanavyoishi. Kukaa miezi mitatu katika kijiji kimoja cha Wanyamwezi kulimpa Grant nafasi ya kuzijua nywele zinavyosukwa, nafaka inavyotwangwa na kuhifadhiwa, nyumba zinavyojengwa, na ngoma zinavyochezwa. Hata jina la pili la kitabu chake laeleza kwamba ni maono ya maisha ya nyumbani, na hiyo ndiyo sifa ya michoro yake pia. Yafaa tena kukumbuka kwamba, kwa kuwa Grant hakufika Ripon, picha ya mahali hapo iliyochapwa katika kitabu cha safari haisimami juu ya ushahidi wa macho yake. Mtafiti asiiweke katika hesabu moja na michoro ya Unyamwezi au Karagwe.

Kutoka karatasi hata kibao

Kitabu cha Speke kilichapwa na Blackwood wa Edinburgh mwaka wa 1863, na katika ukurasa wake wa kwanza imetangazwa kwamba picha nyingi zimetokana na michoro ya Kapteni Grant. Tangazo hili ni kweli, lakini halielezi njia ndefu iliyopita picha hizo.

Katika miaka ile picha ya kitabu ilichapwa kwa kibao cha mti mgumu. Kwanza mchoraji wa kibao alichukua mchoro wa msafiri, akauchora upya juu ya kibao. Kisha mchongaji akachukua patasi ndogo, akachimba kila sehemu iliyotakiwa kuwa nyeupe, akaacha mistari imesimama. Wino ukapakwa juu ya mistari hiyo, na kibao kikapigwa chapa pamoja na herufi. Hivyo kati ya jicho la Grant na jicho la msomaji ilipita mikono miwili au zaidi, na rangi zote zikatoweka njiani. Mchoro uliokuwa juu ya kibao wenyewe ulikatwakatwa katika kuchongwa. Hauwezi kutazamwa tena kuuliza kosa lilianzia wapi.

Mtu aliyepewa kazi ya kuichora upya michoro mingi ya Grant ni Johann Baptist Zwecker, Mjerumani mzaliwa wa Frankfurt aliyehamia London, mtu mwenye sifa hasa kwa kuchora wanyama. Zwecker alikuwa fundi hodari, ila hakuwamo katika msafara. Mchoro wa safari aghalabu una mtu mmoja au wawili, kichwa kimekamilika na miguu imeachwa, na nyuma yao karatasi ni tupu. Mchapaji wa London hakuweza kuuza utupu huo. Kwa hiyo Zwecker aliunganisha watu waliochorwa siku mbalimbali, akawapa miili, akawapanga kama wachezaji jukwaani, akawajazia nyuma milima, mitende na umati. Nyuso zilizokuwa za watu fulani zikawa nyuso za watu wote. Mahali Grant alipomwonyesha mtu amekaa kitako anafanya kazi yake, mara nyingine kibao kinaonyesha tamasha.

Haifai kumlaumu Zwecker kwa ukali. Ndivyo vitabu vyote vya safari vya zama zile vilivyotengenezwa, na mtaalamu wa Kifini Leila Koivunen, katika kitabu chake cha mwaka wa 2009 juu ya picha za Afrika katika vitabu vya wasafiri Waingereza, ameeleza kwa urefu jinsi michoro ilivyobadilika kutoka hatua moja hata nyingine. Hata David Roberts aliyetajwa juu alihitaji mkono wa mtu mwingine, Louis Haghe, kuzihamisha picha zake za Misri juu ya mawe ya kuchapia. Lakini Haghe alikuwa na picha kamili mbele yake, na Roberts mwenyewe alikuwapo mjini kumsahihisha. Michoro ya Grant ilikuwa kumbukumbu tu, na iliyokosekana ilijazwa kwa mawazo ya London.

Kwa hiyo picha ya kibao ni ushahidi wa mambo mawili yaliyochanganyika: yale yaliyokuwako Afrika mwaka wa 1861, na yale ambayo msomaji wa Uingereza alitazamia kuyaona mwaka wa 1863. Kuyatenganisha kwa kuitazama chapa peke yake haiwezekani. Bahati njema ni kwamba karatasi zenyewe zimehifadhiwa. Michoro na maandiko ya Grant yamo katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh. Mwanahistoria Roy Bridges wa Aberdeen amesisitiza thamani ya hazina hiyo kwa historia ya Afrika ya Mashariki. Mtafiti anayeweka karatasi na chapa ubavu kwa ubavu huona mara moja kipi kilichoongezwa: mtende usio wa nchi ile, mkuki usio wa kabila lile, mkao wa mwili ambao ni wa sanamu za Ulaya.

Majina ya watu waliochorwa

Kuna upungufu mwingine katika vitabu hivyo ambao haukusababishwa na kibao. Watu waliobeba mizigo, waliotafsiri maneno na waliomchukua Grant kwenye machela hutajwa kwa ufupi, na majina yao yameandikwa kwa tahajia ya mtu asiyejua Kiswahili sawasawa. Speke alisema na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani, si kwa Kiswahili. Bombay mwenyewe alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Unguja. Jina lililotoka kinywani mwa Mnyamwezi liliweza kupita katika Kiswahili na Kihindustani kabla halijafika katika daftari la Kiingereza. Ndiyo maana msomaji hukuta Frij, ambaye bila shaka ni Faraji, na Rahan, ambaye ni Rehani. Hukuta pia Karague kwa Karagwe, Unyoro kwa Bunyoro, na Mtesa kwa Mutesa.

Katika hilo la mwisho mtaalamu wa lugha ana la kujifunza. Unyoro ni Bunyoro iliyovikwa kiambishi cha Kiswahili. Nchi za maziwa ziliingia katika vitabu vya Ulaya kwa mlango wa Kiswahili, kwa sababu watu wa msafara waliozitaja walikuwa Wangwana wa pwani. Speke mwenyewe aliona haja ya kuwaeleza wasomaji wake kazi ya viambishi: kwamba U- huonyesha nchi, Wa- watu wengi, M- mtu mmoja, na Ki- lugha. Hivyo, kabla ya sarufi nyingi za Kiswahili kuchapwa, msomaji wa kawaida wa Uingereza alipata somo lake la kwanza la ngeli za Kibantu katika kitabu cha safari.

Mfano wa upungufu wa majina waonekana pia katika picha ya rangi za mafuta iliyochorwa na Henry Wyndham Phillips baada ya safari. Ndani yake wamo Speke, Grant, na kijana mmoja wa nchi za Naili ya Juu. Wasafiri wawili wajulikana na kila mtu. Kijana wa tatu mara nyingi amepitwa kama sehemu ya mandhari. Jina lake alikuwa nalo, yaani Timbo, na jina hilo lilitajwa tangu zamani. Ikiwa mtu aliyesimama katika picha kubwa ya London aliweza kusahauliwa hivyo, ni rahisi kuelewa ilivyo kwa wale waliochorwa kwa kalamu ya risasi huko Ukuni. Kazi ya kuwatambua haiwezi kufanywa Edinburgh peke yake. Yataka watu wanaojua jina la susi, la nguo, la kata ya kichwa na la ala ya muziki katika Kinyamwezi au Kinyambo, na wanaoweza kusema chombo hiki ni cha nyumba ya mtemi au ni cha mtu wa kawaida.

Mimea

Sehemu moja ya kazi ya Grant ilitendewa haki kuliko nyingine, nayo ni mimea. Tangu Bagamoyo alikuwa akikusanya majani na maua, akiyakausha na kuandika matumizi yake kwa watu wa nchi: upi huliwa, upi ni dawa, upi hutoa kamba au rangi. Makusanyo hayo yalipelekwa katika bustani ya Kew karibu na London. Daniel Oliver, mtaalamu wa Kew, akayapanga pamoja na Grant, na matokeo yakachapwa na Chama cha Linnaeus katika miaka ya 1872 hadi 1875, juzuu zima lenye mabamba mengi ya picha. Hapa karatasi ya mchoraji haikusimama peke yake. Mmea wenyewe uliokaushwa ulikuwapo kumsahihisha kila mtu, na mchapaji hakuthubutu kuongeza jani lisilokuwapo. Inafundisha kuona kwamba Ulaya ya siku zile ilidai uhakika wa jani kuliko uhakika wa uso wa mtu.

Habari hizi na nchi ya Rungwe

Hapo ndipo yafaa kurudi Bulyaga, kwa maana mfano wa Grant waeleza pia kwa nini Rungwe haina hazina ya namna hiyo. Wachoraji wa safari walifuata njia za biashara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo hata Tabora, ikagawanyika kwenda Ujiji na kwenda Karagwe. Nchi ya Wanyakyusa, iliyozungukwa na milima ya Livingstone, Poroto na Rungwe na kwa kusini Ziwa Nyasa, ilikuwa kando ya njia hiyo. Balozi Frederick Elton alipita huko mwaka wa 1877, akafariki katika safari hiyo hiyo. Mwaka wa 1879 akaja Mskoti mwingine, Joseph Thomson, kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliyekuwa ameshika uongozi baada ya mkubwa wake Keith Johnston kufa huko Behobeho. Msimamizi wa watu wake alikuwa Chuma, yule yule aliyekuwa mmoja wa waliouchukua mwili wa Livingstone hata pwani. Thomson aliisifu mno nchi ya kaskazini ya Nyasa kwa migomba yake, usafi wa vijiji vyake na ufundi wa nyumba zake za mianzi na udongo. Lakini Thomson alikuwa mtu wa mawe na ramani. Sifa zake alizitoa kwa maneno.

Wamishenari wa Moravian na wa Berlin walifika Rungwe mwaka wa 1891. Picha nyingi za nchi ile zilikuja kwa kamera, hasa zile za daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, zilizochapwa Berlin mwaka wa 1906 katika kitabu kikubwa chenye atlasi ya picha. Kamera ilikuwa imebadilika kwa wakati ule. Bamba lilikuwa kavu na hema la giza halikuhitajiwa kila mara. Lakini hali ya nchi ilikuwa imebadilika pia. Grant aliwachora watu waliokuwa wenyeji wake, ambao waliweza kumzuia, kumnyang'anya mizigo au kumpa chakula wakipenda. Fülleborn aliwapiga picha watu waliokuwa chini ya serikali ambayo yeye alikuwa ofisa wake. Mtazamaji mwangalifu asisahau tofauti hiyo anapozilinganisha nyuso za mikusanyo hiyo miwili.

Onyo moja la kazi lafaa kwa wote wanaotafuta habari katika maktaba za Ulaya. Mtu wa Tukuyu akitafuta jina la Wanyakyusa katika vitabu vya karne ya kumi na tisa huenda asipate kitu, kwa sababu wageni waliiandika nchi hiyo kwa jina la Konde. Mji wa Tukuyu wenyewe umo katika maandishi ya Wajerumani kwa jina la Neu-Langenburg. Vivyo hivyo, anayetafuta Tabora katika karatasi za Grant na aitafute Kazeh.

Thamani ya kazi yake

Grant hakuwa mchoraji mkuu. Miili aliyoichora mara nyingine imekakamaa, na umbali wa vitu haukumtii sikuzote. Tena alikuwa mtu wa dola yake na wa wakati wake, na maneno yake juu ya watu wa Afrika hayakosi dharau iliyokuwa kawaida ya maofisa wa siku zile. Hayo yote ni kweli, na hayaondoi jambo moja. Alipomtazama mwanamke anayesaga nafaka, aliona jiwe limewekwaje, magoti yamekunjwaje na ushanga umefungwa wapi, akaandika tarehe pembeni. Mwangalifu wa namna hiyo hutoa ushahidi hata juu ya mambo ambayo mwenyewe hakuyaelewa.

Kwa muda wa zaidi ya karne moja ushahidi huo ulikuja Afrika ya Mashariki katika umbo la chapa za Zwecker, nazo zimenakiliwa katika vitabu vya shule na vya historia kana kwamba ni picha za mambo yalivyokuwa. Mwalimu anayezitumia angefanya vema kuandika chini yake majina mawili, la aliyeona na la aliyechora upya. Na pale inapowezekana kupata nakala ya karatasi ya asili kutoka Edinburgh, hiyo ndiyo ya kuwekwa mbele ya wazee wa Unyanyembe na wa Karagwe, ili vitu vilivyochorwa na Mskoti mgonjwa wa mguu mwaka wa 1862 vipate tena majina yake katika lugha za wenye vitu hivyo.